Notisi ya Siku Kumi na Nne

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nina hakika barua hii itakukuta mzima, goti limetulia, na mbwa wa jirani ameacha kukufokea kila ukirudi kutoka kwenye vikao. Mimi mzima. Nimeanza hata kunenepa, maana uji wa wafanyakazi hapa haupimwi. Msalimie dada, na mwambie mtoto akizaliwa wasimpe jina langu. Mmoja anautosha ukoo mzima.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zetu zinakusanywa getini na tunarudishiwa siku ya mapumziko tu, na siku hiyo Sajini anakaa hapohapo getini masikio wazi. Barua nampa dereva wa mikate, anaipeleka posta. Sajini ndiye msimamizi wa nyumba hii. Hajawahi kuwa sajini wa jeshi lolote. Wazee walimpachika jina hilo kwa sababu asubuhi anataka wote wasimame kando ya vitanda vyao, pamoja na wasio na miguu ya kusimamia.

Uliponitafutia kazi hii uliniambia mikono yangu imeng'oa meno ya watu vya kutosha, sasa ikawalishe. Nimelishika neno hilo. Tangu nimwage damu ya nyapara pale kiwanda cha mbao sijamgusa mtu. Kila asubuhi naogesha wazee kumi na wanne, nabadilisha mashuka, nawageuza wasiote vidonda mgongoni. Kazi naipenda, sikufichi.

Ila kuna mzee tunamwita Fundi Saa. Miaka hamsini ametengeneza saa, mpaka kiharusi kilipoua mkono wake wa kulia na mguu. Akili yake iko timamu kuliko yangu. Jumanne iliyopita alichafua shuka mara mbili asubuhi moja. Sajini akachukua taulo, akalipiga fundo, akalichovya ndooni, akamlaza kifudifudi na kuanza kumtandika mgongoni na kwenye nyayo. Taulo lililolowa halichani ngozi, linaumiza ndani kwa ndani. Nilihesabu mapigo kumi na saba. Mchana nilipompelekea chombo alikojoa damu, akanitazama, akasema, "Huyu ataniua, na ataniua saa za kazi." Akacheka mwenyewe.

Shangazi, wewe ni mwenyekiti wa kamati ya afya na ustawi wa jamii ya halmashauri. Nyumba hii ya wasiojiweza iko chini ya kamati yako. Njoo. Njoo siku yoyote, bila kumwambia mtu.

Mwanao.


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, mbwa bado yuleyule. Dada yako kajifungua salama, mtoto wa kike mwenye mapafu ya dalali. Akilia, hata jirani wa nyumba ya nne anajua amepata njaa. Jina lako limenusurika.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Sisemi unadanganya. Nasema nakujua, wewe ukiona moshi unaita moto. Mzee mwenye kiharusi hugeuzwa kwa nguvu, na mgeni wa kazi akitazama anaweza kuona kipigo.

Sasa nisikilize. Kamati haivamii mahali. Hutoa notisi ya maandishi, siku kumi na nne kabla ya kukagua nyumba yoyote ya matunzo. Kanuni hiyo niliipigia kura mwenyewe, ili wasimamizi wasiseme madiwani tunawavizia. Malalamiko yana fomu yake, na fomu hupitia kwa msimamizi. Naam, naona unavyokunja uso. Novemba tulikuja hapo tukakuta mashuka meupe, dawa zimepangwa kabatini, wazee wamenyolewa. Ripoti niliiandika kwa mkono wangu na baraza zima likaipitisha.

Halafu kumbuka, hiyo ndiyo nyumba pekee wilaya nzima. Ikifungwa kwa maneno ya mtu mmoja, wazee arobaini na mmoja nitawalaza wapi, sebuleni kwangu?

Nitaileta kamati. Notisi itatoka mwezi ujao. Mpaka hapo, nakuomba kama mama yako, mikono mfukoni. Usimguse mtu yule hata akikutemea mate. Ukifukuzwa na hapo, sina tena mlango wa kukugongea.

Shangazi yako.


21 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kwa ajili ya dada. Mbusu mtoto, na nitafutie picha.

Notisi yako imefika juzi. Sajini alitukusanya chumba cha kulia akaisoma kwa sauti, tarehe mbili Aprili, saa nne asubuhi, na jina lako na cheo chako chini. Alipomaliza aliibusu, akaikunja, akaitia mfukoni. Jioni hiyohiyo rangi ikaletwa.

Tangu jana tuna mazoezi. Sajini anajifunga kitambaa cha mpishi kichwani, anakaa kwenye kiti cha mbele, anakuwa wewe. Anauliza, "Wazee wangu, mnatendewaje hapa?" Wanajibu wote, "Vizuri sana, mheshimiwa." Anayechelewa anakula kofi. Anayekosea anaonja taulo. Kuna bibi mshona vitambaa, masikio yake mazito, leo alidhani ameulizwa habari za mguu wake, akajibu, "Vibaya, unauma." Sajini alishuka kitini akitabasamu, akamshika kifundo cha mkono na kukikunja taratibu kuelekea nyuma mpaka kikalia. Nilikuwa hatua tatu, niliusikia mfupa. Bibi alikodoa macho akasema, "Samahani, mheshimiwa." Mikono yangu ilikuwa mfukoni, kama ulivyoagiza.

Siku ya ziara, wenye alama mwilini hamtawaona. Ni watano. Daftari litasema wako likizo kwa ndugu zao, na wewe unajua hawa hawana ndugu. Watafungiwa stoo ya kufulia nguo, nyuma, upande wa matangi ya maji. Mlango ni wa kijani. Omba ufunguo. Ukiambiwa haupo, vunja mlango.

Fundi Saa ni mmoja wa watano hao. Nyayo zimevimba, kiatu hakiingii. Kanieleza kwamba Novemba alikwambia mbele ya watu wote, "Mheshimiwa, tunapigwa hapa." Sajini akacheka na kusema mzee amechanganyikiwa, nawe ukaandika. Tangu siku hiyo haipiti wiki bila taulo. Anasema hakulaumu sana, ila ulikuwa na uso wa mtu aliyesikia. Shangazi, ukiupita mlango ule bila kufunguliwa, mzee huyu hafiki mwezi wa tano. Sajini ameapa hivyo mbele yangu.

Jambo jingine. Sajini ameanza kuniita "mtu wa mheshimiwa". Sijui nani kamwambia.

Mwanao.


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto anaongezeka, dada yako halali, na mimi nimegeuzwa yaya kila Jumapili. Picha hii nimeipiga mwenyewe, ndiyo maana kichwa kimekatwa.

Barua yako ya Machi nimeikuta mezani niliporudi kutoka huko. Posta yetu unaijua ilivyo. Laiti ningeipata mapema.

Tulikuja watano, mimi na madiwani wawili, katibu wa kamati, na bwana afya wa wilaya. Rangi bado ilikuwa inanukia. Tuliwauliza wazee, wakajibu "vizuri sana" kwa pamoja, wote thelathini na sita. Bibi mmoja alikuwa na bandeji mkononi, tukaambiwa ameteleza bafuni. Watano wako likizo. Tulizunguka mpaka nyuma. Ule mlango tuliuona, msimamizi akasema ni stoo, ufunguo uko kwa fundi bomba. Muda ulikuwa umetutupa mkono na dereva alikuwa akipiga honi.

Nilikutafuta kwa macho tangu getini. Yule mtu alisema amekupa ruhusa ya siku moja. Ulikwenda wapi, nami nilitegemea utakuwa zamu?

Ripoti imesema hali inaridhisha, pamoja na mapendekezo ya sabuni, taa za korido na njia ya viti vya magurudumu. Usinune. Mambo ya baraza yanakwenda hatua kwa hatua. Robo ijayo nitaomba ziara nyingine.

Shangazi yako.


30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Picha imefika. Mimi mzima.

Fundi Saa amekufa. Alikufa tarehe mbili, siku ya ziara yenu, kabla ya saa sita mchana. Bwana afya wenu alirudi kesho yake, akaandika presha bila hata kufunua shuka. Daftari linasema alifia kwa ndugu. Tulimzika wanne nyuma ya uzio, na Sajini akatuhimiza tufanye haraka kwa sababu kuna nguo za kuanika.

Usiniulize nilikuwa wapi. Nakuuliza mimi. Nani alimwambia Sajini kwamba mimi ni mtoto wa kaka yako? Hapa hakuna mtu niliyemwambia.


14 Mei

Mwanangu,

Hujajiita jina lolote mwishoni mwa barua, nami nimeliona hilo. Huku wote wazima.

Pole kwa mzee. Jina lake halisi nimelitafuta kwenye mafaili yetu, halimo. Wamemwandika kwa namba ya kitanda.

Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimpigia simu siku ile notisi ilipotoka. Nilimwambia, kijana yule ni damu yangu, ana hasira za karibu, mtazame usimwache apotee. Nilidhani nakukinga. Nilidhani mtu akijua una mkubwa nyuma yako hatakuonea. Ulichoniandikia sikumgusia hata neno, naapa kwa kaburi la baba yako. Miaka yote nimewaombea watu kwa njia hiyo, simu moja, neno la pembeni, na mambo yananyooka. Safari hii sijui nimenyoosha nini.

Nimekujibu. Sasa nijibu nawe, maana siwezi kula vizuri tangu nisome barua yako. Tarehe mbili ulikuwa wapi? Kama umemdhuru mtu, nataka nisikie kwako kabla ya kusikia kwa watu.

Shangazi yako.


2 Juni, kituo cha polisi

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi nimepewa na askari wa zamu, mtu mwema, ana jino linamsumbua. Sitazunguka.

Asubuhi ile Sajini aliniita ofisini. Akasema, "Mheshimiwa kaniomba nikutazame, nami namheshimu. Wewe utakaa na hawa watano ndani ya stoo. Mmoja akipiga kelele, mheshimiwa atalazimika kufungua. Akifungua atakukuta wewe umekaa nao, na miili yao ilivyo. Unafikiri nani ataaminika, mimi au mvunja meno wa kiwanda cha mbao? Na yeye aliyekuleta hapa, atabaki na kiti?" Nilitaka kumrukia. Nikafikiria kiti chako. Nikaingia, akafunga kwa nje na kunipitishia ufunguo wa pili chini ya mlango, nifungue mkishaondoka. Ulikuwa mfukoni mwangu muda wote, Shangazi.

Niliwakalisha juu ya marundo ya mashuka. Niliwaambia watulie, wakatulia. Ila Fundi Saa alikuwa anasikiliza. Alikutambua kabla yangu, kwa viatu. Ulipouliza, "Na hapa je?" alivuta pumzi ndefu, nikajua anapiga kelele sasa hivi. Nikamziba mdomo. Mkono wangu unafunika uso wake wote, mdomo na pua. Aliniuma kidole mpaka mfupani. Alinipiga shavuni kwa mkono wake mmoja mzima, akanichana jicho kwa kucha. Nikambana kifua kwa goti. Akaanza kugonga ukuta kwa kisigino. Nilikuwa nakusikiliza wewe kuliko yeye. Niliomba moyoni ugonge mlango, maana ungegonga ningefungua, na niliomba vilevile uondoke. Viatu vyako vilipofika mbali nikatoa mkono. Alikuwa amekwisha. Wale wanne walinitazama tu. Hakuna aliyelia, wamezoeshwa.

Wiki nane nimeamka nikiogesha watu kwa mkono huohuo. Jumamosi Sajini akamfuata bibi mshona vitambaa na taulo lake, kwa sababu kifundo hakijapona na ameangusha kikombe. Nilimpora taulo. Lilikuwa na fundo tayari, na lilikuwa limelowa. Nilimtandika mpaka likachanika, nikamalizia kwa ngumi, na alipoanguka kwa teke. Taya limevunjika mara mbili, jicho la kushoto madaktari hawaahidi kitu. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vyao. Mmoja alihesabu mapigo kwa sauti, na nilipofika thelathini akasema, "Bado." Nilijisikia vizuri mwili mzima. Hilo linanitisha kuliko yote niliyofanya.

Wamenifunga kwa ajili ya taya la Sajini. Habari za Fundi Saa hakuna aliyeniuliza. Nilimwambia askari wa zamu, akasema mzee yule alikufa kwa presha, kuna cheti.

Sitaki wakili wala simu yako kwa mkuu wa kituo. Nataka jibu moja. Siku ile pale mlangoni, ulisikia?

Mwanao.


16 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mtoto ameanza kujigeuza mwenyewe kitandani. Dada yako amelia tangu asikie, na hajui nusu yake.

Mkuu wa kituo alinipigia kabla barua yako haijafika. Alisema, "Mheshimiwa, huyu ni wako, niandike ugomvi mdogo nimwachie?" Nilimwambia angoje. Jana nimemwambia asikuachie. Nimempelekea barua zako zote, na zangu ambazo umezitunza ataziomba kwako, mpe. Kaburi la mzee litafukuliwa Ijumaa na daktari kutoka mkoa mwingine. Bwana afya amesimamishwa. Wale wanne wako hospitali, nilikwenda kuwaona, na walinijibu "vizuri sana, mheshimiwa" kabla sijawauliza kitu. Kiti nimekirudisha. Utanichukia kwa kukuacha ndani, nami sitakuomba usinichukie. Ulimuua mtu, mwanangu. Lakini hukumuua peke yako, na kesho saa tatu nitakuwa mbele ya mkuu wa kituo kulisema hilo na kuandikisha.

Barua yako ya Machi haikuchelewa. Ilifika Jumatatu, siku mbili kabla ya ziara. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaitia chini ya mkeka. Nilijua mlango ni wa kijani na uko upande wa matangi. Wenzangu walitaka kurudi kwenye chai, ni mimi niliyewaburuta mpaka kule nyuma, nikijiambia nikifika nitajua la kufanya. Honi ya dereva niliitunga baadaye. Nikauliza. Yule mtu akajibu, stoo, ufunguo uko kwa fundi bomba, akanitazama machoni bila kupepesa. Ndipo nikasikia kisigino. Kiligonga ukuta kwa nguvu, haraka haraka, chini karibu na sakafu. Madiwani walikuwa wametangulia. Katibu alisikia. Aliinua kalamu kwenye karatasi akanitazama, akangoja mimi niseme.

Nilifikiria ripoti yangu ya Novemba, na uchaguzi wa mwakani, na wazee arobaini na mmoja wasio na pa kwenda. Nilikuwa na muda wa kufikiria hayo yote, kwa hiyo ni muda mrefu. Kisigino kikapungua. Kikagonga mara moja, kikakaa, kikagonga tena. Sikuondoka mwanangu, usifikiri niliondoka. Nilisimama pale mpaka kikanyamaza kabisa. Kisha nikamwambia katibu, "Andika stoo," tukaenda kunywa chai.

Shangazi yako.